Kurejesha, Kurudisha na Kufuta: Historia ya Dhana Moja ya Kompyuta na Istilahi Zake

Miongoni mwa amri zilizomo katika kompyuta mpakato za siku hizi, imo moja ambayo mtumiaji huitoa mara chache sana, pengine mara moja au mbili tu katika maisha yote ya mashine yake. Lakini akiitoa bila ya kuielewa, hasara yake haina fidia. Nayo ni amri ya kuirudisha mashine katika hali iliyokuwa nayo ilipotoka kiwandani. Mwenye mashine huitoa amri hiyo anapotaka kuiuza, au mashine inapokuwa nzito hata ikashindwa kazi, au inapoingiwa na virusi. Makala hii inakusudia kueleza jinsi dhana hiyo ilivyozaliwa na kukua, na kuonyesha kwamba nyuma ya jina moja vimejificha vitendo kadhaa vilivyo mbalimbali, ambavyo Kiswahili kinaweza kuvitenga, na kinapasa kuvitenga.

Yafaa ikumbukwe kwamba katika kuipa jina mashine yenyewe lugha yetu haikushindwa. Waliosema "mpakato" walikitazama kitenzi cha kupakata, yaani kuweka kitu mapajani kama mama ampakatavyo mwanawe. Na walioko Kenya waliosema "kipakatalishi" walianzia katika shina hilo hilo. Mtu asiyepata kuiona mashine hiyo akisikia jina lake hupata fununu ya jinsi inavyotumika. Bahati hiyo haijaifikia bado amri tunayoizungumzia. Mafundi wa mijini husema "kupiga Windows" au "kufomati". Wengine husema "kuisafisha mashine". Na vitabu vya maelekezo husema "kurejesha". Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalomwambia mwenye mashine ni kitu gani kitakachobaki na ni kitu gani kitakachopotea.

1. Wakati mwanzo na ufutaji vilipokuwa kitu kimoja

Kompyuta za kwanza hazikuwa na tatizo hili, kwa sababu hazikuwa na mahali pa kuwekea mambo ya kudumu. ENIAC, iliyotangazwa hadharani mjini Philadelphia mwezi wa Februari 1946, ilipangiwa kazi kwa kuhamisha nyaya na kugeuza swichi kwa mkono, na kuibadilishia kazi kuliweza kuchukua siku kadhaa. Hali yake ya "awali" ilikuwa ni nyaya zilizochomolewa, basi.

Hatua kubwa ilipigwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambako mashine iliyoitwa EDSAC ilifanya kazi kwa mara ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Kumbukumbu yake ilikuwa ndani ya mirija ya zebaki, na umeme ulipokatika yote yaliyomo yalitoweka. Kwa hiyo kijana mmoja mtaalamu, David Wheeler, alitunga maagizo machache ambayo hayakuwekwa katika zebaki bali katika swichi za aina iliyotumika kwenye mitambo ya simu. Maagizo hayo, ambayo kwanza yalikuwa 31 tu, yaliingizwa katika kumbukumbu kila mashine ilipoanzishwa, nayo yakaiwezesha kusoma programu kutoka katika utepe wa karatasi uliotobolewa. Yaliitwa "maagizo ya mwanzo". Hapo ndipo tunapopata, kwa mara ya kwanza, wazo ambalo ndilo msingi wa jambo letu: kwamba mashine iwe na sehemu ndogo isiyobadilika, ambayo kwayo inaweza kujianza tena hata kama mengine yote yamepotea.

Msomaji atambue kwamba katika mashine za namna hiyo kuanza upya, kurudi mwanzo na kufuta vilikuwa tendo moja. Mazoea hayo ya kuvichanganya yalibaki katika lugha ya mafundi hata baada ya vitendo vyenyewe kutengana.

2. Diski, na kuishi pamoja kwa mfumo na kazi ya mwenyewe

Kilichovitenganisha ni diski ya sumaku. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mtambo wa 305 RAMAC, uliokuwa na diski 50 zilizopangwa juu kwa juu na kuweza kuhifadhi herufi milioni 5. Tangu hapo mashine iliweza kuzimwa na kuwashwa bila ya kusahau.

Hata hivyo, kwa mtu wa kawaida mabadiliko yenyewe yalifika katika miaka ya 1980. Kompyuta ndogo ya IBM iliyotolewa Agosti 1981 iliweka maagizo yake ya mwanzo katika kijidude kisichoandikika upya kwa njia za kawaida, na mfumo endeshi ukawa katika disketi. Mashine ilipokwama, mtumiaji alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, nayo ikaanza upya, disketi haikudhurika. Kompyuta mpakato za mwanzo zilifuata njia hiyo hiyo. Toshiba T1100 ya mwaka 1985 haikuwa na diski ngumu. Mfumo ulikuwa katika disketi moja na kazi ya mwenyewe iliweza kuwekwa katika nyingine. Mtu aliyetaka kurudi katika hali ya awali alifungua mtoto wa meza akatoa disketi ya asili. Kazi yake haikuguswa, kwani ilikuwa mahali pengine.

Lakini tangu mwaka 1983 IBM ilikuwa imeanza kuuza kompyuta ndogo yenye diski ngumu ya megabaiti 10 ndani yake, na mtindo huo ukaenea hata katika mpakato. Kuanzia hapo mfumo wa kiwanda na kazi ya mwenye mashine viliishi katika nyumba moja. Hapa ndipo lilipozaliwa tatizo: kuubomoa mfumo ulioharibika na kuujenga tena kuliweza kumaanisha kuibomoa na kazi ya mtu, barua zake, hesabu zake na picha za watoto wake.

3. Kutoka kabatini hadi hewani

Kwa muda wa miaka mingi chombo cha kurudishia mfumo kilikuwa kitu cha kushikika. Mfumo wa Windows 95, uliotolewa tarehe 24 Agosti 1995, ulipatikana katika disketi 13 au katika sidii moja. Baadaye watengenezaji wa mpakato waliona kwamba ni nafuu zaidi kuacha kutoa sidii, na badala yake kutenga sehemu ya diski ngumu, kuificha machoni pa mtumiaji, na kuiweka humo nakala ya mfumo mzima kama ulivyotoka kiwandani. Njia hiyo ilikuwa na faida na kasoro. Faida ni kwamba mwenye mashine hakuweza kupoteza nakala yake. Kasoro ni kwamba diski ilipoharibika, ugonjwa na dawa viliangamia pamoja.

Mwezi wa Julai 2011 kampuni ya Apple ilianzisha njia ya kuuleta mfumo kupitia intaneti hata kama diski haina kitu. Mwezi wa Oktoba 2012 Windows 8 ilikuja na amri mbili zilizotenganishwa: moja iliujenga mfumo upya na kuyaacha mafaili ya mtumiaji, na nyingine iliondoa kila kitu. Kisha Windows 10, iliyotolewa Julai 2015, ikaacha kuitegemea nakala iliyofichwa. Mfumo ukawa unajijenga upya kutokana na mafaili ya mfumo wenyewe yaliyomo katika mashine, pamoja na sehemu kubwa ya masahihisho yaliyokwisha kuingizwa.

Mabadiliko hayo yana maana kwa mtunga istilahi. Mashine iliyorudishwa kwa njia hiyo hairudi kiwandani hasa, kwani mfumo wake ni mpya kuliko ule iliotoka nao. "Kiwandani" imekuwa tamathali, ikimaanisha hali ya mashine isiyojua jina la mtu yeyote. Si vibaya istilahi kuwa tamathali, mradi maelezo yake yaseme hivyo.

4. Neno moja, matokeo yanayopingana

Kiingereza, ambacho wafasiri wetu wengi hukitumia kama chanzo, kimelibebesha neno moja, "restore", mizigo mitatu. Kwanza, ni kuzirudisha data za mtu kutoka katika nakala ya akiba. Hapa mtumiaji hupata alichokuwa amekipoteza. Pili, ni kuurudisha mfumo katika tarehe ya nyuma, kama ilivyowezekana tangu Windows Me ya mwaka 2000. Hapa mipangilio hubadilika lakini maandishi ya mtu hubaki. Tatu, ni kurudi katika hali ya kiwandani. Na kwa kawaida hapa mtumiaji hupoteza vyote. Hivyo neno lile lile humpa mtu mali yake na humnyang'anya.

Mfasiri akiandika "rejesha" katika mahali pote patatu, amehamisha utata wote wa lugha ya chanzo bila ya kuupunguza. Mtu anayesoma "rejesha" kwa Kiswahili hufikiria marejesho: kitu kilichokopwa au kilichopotea kinamrudia mwenyewe. Basi mwanafunzi ambaye tasnifu yake imepotea, akiona kitufe kilichoandikwa "Rejesha", atakibonyeza kwa matumaini. Maji yakimwagika hayazoleki.

5. Ufutaji usiofuta

Upo mkanganyiko wa pili, nao ni kinyume cha ule wa kwanza. Wako wanaopoteza wasichotaka kukipoteza. Na wako wanaodhani wamefuta kumbe hawakufuta. Diski inapofomatiwa kwa haraka, kinachobadilishwa ni ile orodha inayoonyesha kila faili liko wapi. Ni kama kuuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu na kuziacha sura zote mahali pake.

Ukubwa wa jambo hili ulidhihirishwa na Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa Marekani katika utafiti walioutoa mwaka 2003. Walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika. Kati ya hizo, 129 zilifanya kazi. Na katika hizo 129 ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa barabara. Diski mojawapo ilionekana kuwa imetoka katika mashine ya benki ya kutolea fedha huko Illinois, ikiwa bado na kumbukumbu za wateja. Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo unaotofautisha daraja za ufutaji, kuanzia ule wa kawaida hadi kukiangamiza chombo chenyewe. Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka zimeongeza ugumu, kwani kuandika juu ya jambo la zamani hakuhakikishi kwamba limefunikwa. Mashine huweza kuandika katika chembe nyingine na kuliacha la zamani kwa muda. Kwa hiyo baadhi ya mashine huzihifadhi data zote kwa maandishi ya siri, na ufutaji ukawa ni kuuharibu ufunguo tu. Apple iliiweka njia hiyo katika amri moja ya mpakato zake mwaka 2021.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki, ambako kompyuta zilizokwisha kutumika huuzwa na kununuliwa kila siku madukani. Tena sheria zimekwisha kuwekwa: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Karani wa zahanati anayeambiwa kwamba mpakato wa ofisi "umesafishwa" kabla ya kuuzwa anahitaji kujua kama uliopanguswa ni vumbi, au ulioondolewa ni virusi, au zilizofutwa ni habari za wagonjwa. Kitenzi cha kusafisha chazibeba maana zote tatu, na kwa sababu hiyo hakifai kuwa istilahi hapa.

6. Mapendekezo

Kutokana na historia hiyo, twapendekeza dhana hizi tano zitengwe, kila moja kwa jina lake:

(a) Kuwasha upya: kuizima mashine na kuianza tena. Kilichohifadhiwa katika diski hakipotei.

(b) Kurudisha nyuma mfumo: kuirudisha mipangilio katika tarehe iliyopita. Maandishi ya mtumiaji hubaki.

(c) Kurejesha nakala: kuzileta tena data kutoka katika akiba. Kitenzi cha kurejesha kiwekwe hapa peke yake, kwa sababu hapa ndipo maana yake ya asili inapotimia.

(d) Kurudisha hali ya kiwandani: kuujenga mfumo upya na kuiondoa kazi ya mtumiaji. Maelezo yake katika kamusi yataje wazi upotevu huo.

(e) Kufuta kabisa: kuziondoa data hata zisiweze kupatikana tena kwa ufundi wowote unaojulikana.

Huenda mtu akasema kwamba mafundi wataendelea kusema "kupiga Windows", na hapana shaka atakuwa amesema kweli. Kitenzi cha kupiga kimezoea kazi nyingi, kama kupiga pasi, kupiga chapa na kupiga deki, wala hatuna haja ya kugombana nacho. Tunachoomba ni kwamba fundi aliyeombwa kupiga Windows aweze kumwuliza mteja wake, kwa Kiswahili na bila ya utata, kama anataka kazi yake ibaki, iondoke, au ifutwe kabisa. Na mteja naye aweze kumjibu. Ni matumaini yetu kwamba wasomaji, hasa walimu wa ufundi na wafasiri wa programu, watayapima majina haya katika kazi zao na kutuletea maoni yao.