Machela: raha ya nani, mabega ya nani?

Maharusi wanaokwenda fungate milimani siku hizi hubeba kile kitambaa cha nailoni cha kufunga baina ya miti miwili, wakichoka wakakikalia. Wengi hudhani wamekibuni wazungu. Sivyo. Ni kazi ya Wataino wa Karibiani, watu wa visiwani kama sisi, waliosuka vyao kwa pamba wakaviita hamaca. Columbus alivikuta Bahama Oktoba 1492. Baadaye mabaharia wa Ulaya wakalalia hivyo melini, maana hufuata mrama wa chombo na mtu haanguki. Wataino wenyewe, wengi walikwisha kwa kazi za kulazimishwa, vita na ndui.

Afrika Mashariki kilikuwa na sura nyingine: machela, ambayo Wareno wa Msumbiji waliiita machila. Kitambaa kimening'inizwa kwenye boriti, bwana mkubwa kajilaza ndani, wapagazi wamembeba mabegani kutwa. Leo neno limebaki hospitalini. Mimi hii ya fungate naipenda zaidi, kwani anayekubeba ni mti.

Ila usijilaze kwa urefu, bibi harusi. Ifunge chini, ukae kwa kukingama, kitambaa kipande nyuma kiwe egemeo la mgongo. Miguu iko chini, baibui umelikusanya, stara ipo. Tumia mikanda mipana, kamba nyembamba huchuna gome. Na jicho la fundi huanzia kwenye ncha: ukiona zimepigwa mshono mmoja tu, iache dukani.