Hilo jiwe linazaa?

Wadau, kimya changu cha wiki mbili kina sababu. Nilikuwa nyumbani Tarime, na mojawapo ya yaliyonipeleka ni kumwambia baba mdogo kwamba natafuta pete ya uchumba. Nikamsimulia kuwa duka moja mjini limenionyesha pete yenye kijiwe cha almasi kisichozidi punje ya mtama, na bei yake inatosha kununua ng'ombe kadhaa. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hilo jiwe linazaa?"

Nilicheka, lakini swali halikunitoka kichwani. Mnadani, iwe hapo Tarime au ng'ambo ya mto Mara kule Mugumu wilayani Serengeti, baba mdogo hadanganywi. Anafungua mdomo wa ng'ombe atazame meno ajue umri, anakagua kiwele, anamtembeza aone kama anachechemea. Wakurya wamelipa mahari kwa ng'ombe vizazi na vizazi, kwa hiyo anayetoa na anayepokea wote wanajua kupima. Mimi na digrii yangu, pale dukani nilikuwa kipofu. Muuzaji alisema "karati kumi na nane" nikadhani anazungumzia jiwe!

Kumbe karati ni mbili. Karati ya dhahabu ni usafi: 24 ni dhahabu tupu, 18 maana yake robo tatu ni dhahabu na robo ni madini mengine. Karati ya almasi ni uzito, gramu 0.2. Huko Nyamongo, ambako mgodi mkubwa wa North Mara ulianza mwaka 2002, hata mtoto anajua habari za dhahabu. Almasi ndiyo ngeni kwetu. Basi nikaanza kuchimba historia yake.

Kwa karne nyingi almasi zilitoka India, kisha Brazil, na zilikuwa chache kweli. Mwaka 1867 zikagunduliwa Afrika Kusini, tena kwa wingi. Kitu kikiwa kingi bei hushuka, si ndiyo? Wenye migodi waliliona hilo. Mwaka 1888 Cecil Rhodes akaunganisha migodi chini ya kampuni ya De Beers, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kampuni hiyo ilidhibiti kiasi cha almasi kinachoingia sokoni. Ikabaki kutengeneza hamu ya wanunuzi. Mwaka 1938 De Beers ikaajiri kampuni ya matangazo ya N.W. Ayer huko Marekani, na mwaka 1947 mwandishi wake, Frances Gerety, akabuni kaulimbiu ya kwamba almasi ni ya milele. Mama huyo hakuolewa maisha yake yote.

Sasa turudi nyumbani. Ukitoka Mara ukavuka Simiyu unaingia Shinyanga, na huko ndiko Mwadui. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua hapo mwamba wa almasi ambao ni miongoni mwa mikubwa kuliko yote duniani. Oktoba 1947, mwaka uleule wa kaulimbiu, likapatikana jiwe la waridi la karati 54.5. Williamson akampa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Lilipokatwa London likabaki karati 23.6. Yaani zaidi ya nusu ya uzito ilikwenda na vumbi, ili kinachobaki king'ae.

Williamson huyohuyo alikorofishana na wakubwa. Hakutaka kuuza kupitia mtandao wa De Beers wa London, na kuna kipindi alizirundika tu almasi zake Mwadui. Hapo ndipo utakapoona bei ilisimama juu ya nini: mtu mmoja wa Shinyanga akifungua ghala lake, soko la dunia linatikisika. Baadaye walielewana. Alifariki Januari 1958, naye hakuwahi kuoa, na mwaka huohuo warithi wake wakauza mgodi kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu.

Je, mnunuzi atazameje "meno" ya almasi? Vipimo vya rangi na usafi vinavyotumika mpaka leo vilitolewa mwaka 1953 na GIA, taasisi ya vito ya Marekani. Rangi huanzia D, isiyo na rangi kabisa, mpaka Z yenye umanjano. Usafi hukaguliwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Uzito unaujua. Cha nne ni mchongo (siyo ule wa mtaani!), yaani jinsi jiwe lilivyokatwa, na hicho ndicho kinacholeta mng'ao. Jiwe zito lililokatwa vibaya hufifia. Tena bei huruka kwenye namba kamili: karati 0.9 huwa nafuu kuliko 1, na jicho halioni tofauti.

Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne kinachojibu swali la baba mdogo. Nunua pete leo, irudishe sokoni kesho, utapewa pungufu mno. Mwaka 2018 De Beers wenyewe, baada ya kukataa kwa miaka mingi, walianza kuuza vito vya almasi za maabara kwa dola 800 kwa karati. Ni almasi halisi, na tangu hapo bei za aina hiyo zimezidi kuporomoka.

Mwenzangu bado anataka kijiwe, na ni haki yake. Nimerudi dukani nikaomba cheti cha maabara; hawana. Nimeondoka. Nitatafuta kidogo, kilichokatwa vizuri, chenye karatasi zake, kwenye pete ya karati 18.

Halizai, baba. Ndiyo maana nitalinunua kama zawadi, siyo kama akiba. Akiba itabaki zizini.