Dadu, Njaa na Kura ya Mfalme

Sisi watu wa kambi dadu tunaijua kwa ludo: kikopo cha kutikisia, ubao wa rangi nne, na makelele. Wazee wanasema ni mchezo wa wasio na kazi. Mimi naona historia yake inatuhusu kabisa.

Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia habari za Walidia, waliokaa magharibi ya Uturuki ya leo. Njaa iliwapiga. Eti ndipo wakabuni dadu: siku moja wanacheza kutwa ili wasahau chakula, siku ya pili wanakula, hawachezi. Miaka 18 hivyo hivyo! Njaa ilipokataa kuisha, mfalme akagawa watu mafungu mawili, kura ikapigwa: fungu moja libaki, lingine lihame. Waliohama wakapanda meli mpaka Italia.

Kwamba Walidia ndio waliobuni dadu, hapana. Kwenye makaburi ya Uru, Iraki ya leo, zilikutwa dadu za ncha nne, zina miaka zaidi ya 4,000. Ila mimi kilichonishika ni kingine: mfalme mwenyewe hakuingia kwenye kura. Alijiweka mkuu wa watakaobaki. Wanaoondoka akawapa mwanawe.

Warumi nao walicheza sana, kwa dadu za mfupa, pembe za ndovu, risasi, shaba, hata fedha. Na wizi ulikuwepo. Mwaka 1985, karibu na kijiji cha Froitzheim, Ujerumani, ulipatikana mnara mdogo wa shaba wa karne ya 4. Dadu unaitia juu, inagongagonga vibao vya ndani, inatokea chini kwenye vingazi. Mkono wa mjanja hauna pa kuingilia.

Mbele ya mnara huo kumetobolewa maneno ya Kilatini: Wapikti, watu wa kaskazini ya Uskoti, wameshindwa, adui amefutwa, basi chezeni bila wasiwasi. Nikisoma hapo, mimi nawaza hao Wapikti. Wasiwasi wa mchezaji umeisha kwa sababu kijiji cha mwingine kimekimbia.

Ndiyo maana siwezi kusema bahati tu ndiyo inaamua nani abaki na nani aende. Kabla dadu haijarushwa, uliza kwanza: ni nani ambaye jina lake halimo kwenye kikopo?