Meli za Kitalii: Vile Hii Biashara Iliomoka, na Doo Yake Inaishia Wapi

Meli kubwa ya kitalii ikitia nanga Kilindini, picha hujaa kwa simu yako kabla ya jioni: watalii na kofia zao, ngoma za kuwakaribisha, msururu wa vani zikielekea Tsavo. Ukiamka kesho yake, meli ishaenda.

Nyuma ya hiyo siku moja kuna biashara kubwa kuliko vile wengi hudhani. CLIA, chama cha kampuni za hizi meli, inasema abiria milioni 34.6 walisafiri nazo mwaka 2024 duniani kote. Mwaka 2019, kabla ya korona, walikuwa milioni 29.7. So pata rada kamili: ilitoka wapi, imegeuka vipi, na kama kuna kipande chako ndani yake.

Ndege ndio iliharibu soko la kwanza

Zamani meli ya abiria ilikuwa matatu ya masafa marefu, hakuna kingine. Miaka ya 1950 ukitaka kutoka London hadi Mombasa, ungepanda SS Kenya ama SS Uganda, meli mbili pacha za kampuni ya British India. Halafu mwaka 1958 Pan Am ikaanza kuvusha watu Atlantiki na jeti ya Boeing 707. Safari ya siku kadhaa ikawa ya masaa, na meli zikaanza kukosa watu.

Hao mapacha wawili wanaonyesha poa kilichofuata. SS Kenya iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1969. SS Uganda ilikuwa ishageuzwa meli ya kupeleka wanafunzi matembezi baharini, na ikaendelea hadi miaka ya 1980. Soko la usafiri lilikuwa limekufa. Aliyebaki ni yule aliyejua kuuza matembezi yenyewe.

Miami, dola moja na kipindi cha TV

Mwaka 1966, Knut Kloster kutoka Norway na Ted Arison kutoka Israeli walianza safari za starehe kutoka Miami hadi Bahamas na meli moja, Sunward. Wakakosana. Mwaka 1972 Arison akaanzisha Carnival na meli nzee, Mardi Gras. Safari ya kwanza kabisa, ikakwama kwa mchanga ikitoka tu Miami, tena ikiwa imebeba maajenti wa safari wenye walikuwa waiuze kwa wateja. Aibu ndogo ndogo!

Mambo yalikuwa mabaya hadi mwaka 1974 Arison akanunua kampuni yote kwa dola 1, ila na deni la dola milioni 5 juu yake. Kilichomwokoa ni wazo rahisi: hii kitu isiwe ya mabwanyenye wazee pekee. Punguza bei, weka kasino, disko na misosi ya kumwaga. Mwaka 1977 kipindi cha The Love Boat kikaanza kwa TV za Marekani, na watu wa kawaida wakaona hata wao wanaweza kupanda. Leo Carnival ndio kampuni kubwa zaidi ya meli za kitalii duniani.

Sasa meli ndio mahali unaenda

Kwanza meli ilikuwa ya kukufikisha mahali. Sai meli ndio mahali penyewe. Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa mita 365, kama viwanja vitatu na nusu vya boli ukivipanga laini. Inabeba abiria hadi 7,600 na wafanyakazi 2,350. Hao ni karibu watu 10,000, thuluthi ya Nyayo Stadium ikijaa, wote wakielea.

Kwa nini wajenge kubwa hivyo? Gharama ya injini, nahodha na mafuta inagawanywa kwa vichwa vingi. Na ukishapanda, hakuna duka lingine la kuenda. Kwa kampuni kama Carnival na Royal Caribbean, karibu thuluthi ya mapato hutoka kwa vitu nje ya tiketi: pombe, kasino, intaneti, spa, matembezi. Tiketi rahisi ni ya kukuingiza tu mlangoni.

Wameenda mbali zaidi, wakatengeneza maeneo yao wenyewe ya kushukia. Royal Caribbean ina CocoCay huko Bahamas, na Carnival ilifungua Celebration Key, pia Bahamas, Julai 2025. Hata ukishuka kuogelea, bado uko ndani ya biashara yao.

Nani anashika mapeni?

Ni makundi matatu yaliyo kwa soko la hisa la Marekani: Carnival, Royal Caribbean na Norwegian. La nne ni MSC, ya familia ya Aponte. Ndio, ile MSC unaona kwa makontena Mombasa Road. Ofisi zao kubwa ziko Miami na Geneva, lakini kwa miaka mingi Carnival ilikuwa imesajiliwa Panama, na Royal Caribbean imesajiliwa Liberia. Meli nyingi hupeperusha bendera za Bahamas, Panama au Malta. Si mapenzi ya hizo nchi. Ni ushuru mdogo na sheria nyepesi za kazi.

Wateja na bandari wamebadilika

Sahau ile picha ya wazee na bakora. CLIA inasema zaidi ya thuluthi ya abiria sai wako chini ya miaka 40. Kwa wale wa pesa ndefu, hoteli kama Ritz-Carlton zimeingia baharini na meli ndogo za kifahari. China nayo ilizindua meli yake ya kwanza kubwa iliyojengewa nyumbani, Adora Magic City, mwanzoni mwa 2024.

Korona karibu izike kila mtu. Ndani ya Diamond Princess huko Yokohama, Februari 2020, watu zaidi ya 700 kati ya 3,711 waliambukizwa. Meli zikafungwa, na deni la Carnival likapita dola bilioni 30. Wateja walirudi, lakini si kila bandari inawataka: Agosti 2021 Venice ilifukuza meli kubwa kutoka mfereji wake wa Giudecca, watu walikuwa wamechoshwa na moshi na umati.

Mombasa inakula nini hapo?

Pwani yetu ilipoteza miaka mingi kwa maharamia. Novemba 2005, Seabourn Spirit ilishambuliwa karibu na Somalia ikija Mombasa, ikakimbilia Ushelisheli. Kampuni nyingi zikaepuka hii bahari. Ni Januari 2023 tu ndio sekta ya meli iliondoa Bahari Hindi kwa orodha yake ya maeneo hatari.

Meli zimeanza kurudi, na Kilindini kuna jengo la kisasa la kuzipokea. Lakini piga hesabu. Mtalii wa ndege analala hotelini Diani siku saba. Huyu wa meli ashakula na atalala melini. Kinachobaki ni cha masaa machache: ada za bandari, dereva, gaidi, na mama wa vinyago Fort Jesus, kama vani itasimama hapo.

Na wewe je?

Kwa kijana wa Kenya, doo ya ukweli iko kwa ajira, na hapo pia ndio matapeli hukaa. Shika haya:

- Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, wenye Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza ajenti kukutoza pesa ya kukutafutia kazi. Unalipia cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli.
- Ajenti lazima awe na leseni ya Kenya Maritime Authority. Uliza KMA kabla hujatuma hata bob.
- Utahitaji mafunzo ya msingi ya usalama baharini. Bandari Maritime Academy iko Mombasa.
- Kazi ni noma. Mkataba huwa wa miezi sita hadi tisa, na sheria inaruhusu hadi masaa 72 kwa wiki. Soma mshahara ni ngapi bila bakshishi.
- Mkataba ukiisha, nauli ya kurudi nyumbani ni ya mwenye meli.

Mtu akikuitisha "pesa ya kushikilia nafasi" kwa M-Pesa, hiyo meli haipo. Usitume.