Urafiki na marobota ya mitumba

Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 Ubungo, Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro. Kilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, kikageuza pamba ya wakulima wetu kuwa khanga na vitenge. Kilikuwa hata na bendi yake, Urafiki Jazz, iliyotamba na mtindo wa Chaka Chaka. Mwanza kulikuwa na kiwanda cha Mwatex, Musoma kukawa na Mutex.

Wanaosema mitumba ndiyo iliyoua viwanda hivi wanasimulia nusu ya habari. Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta mwishoni mwa miaka ya 1970 viliikausha akiba ya fedha za kigeni. Vipuri na rangi vikakosekana, mashine zikasimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga foleni kutwa wakisubiri doti moja ya khanga. Bajeti ya 1984 ilipolegeza masharti ya uagizaji, wananchi walishangilia, na walikuwa na haki, kwani walishachoka kuvaa viraka.

Ila nguo za nje zilivikuta viwanda vikiwa wagonjwa kitandani. Marobota kutoka Ulaya na Marekani yalileta mashati yaliyotolewa bure na wenyewe. Bei ya shati la namna hiyo haibebi gharama ya pamba, ya uzi wala ujira wa mfumaji. Kiwanda gani kingeiweza? Simlaumu mchuuzi wa soko la Karume, anayesomesha watoto kwa biashara hiyo. Lawama ni ya sera iliyofungua lango kabla mashine hazijatengenezwa. Mwaka 1996 Wachina walirudi Urafiki wakiwa wabia wenye hisa asilimia 51, lakini enzi ile haikurudi.

Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Marekani ilitishia kuondoa nafuu za ushuru za AGOA, mpango wake wa biashara na Afrika, majirani wakalegeza kamba. Rwanda ilikataa, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hizo.

Kwetu, sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga bado inauzwa nje bila kusokotwa. Wabunge wetu wanapojadili ushuru wa mitumba, waanze na umeme wa uhakika, vipuri na mikopo nafuu kwa viwanda vya nyuzi. Ushuru ufuate baadaye.