Jinsi ya kutambua aina tatu za vitenzi katika sentensi za Kiingereza

Nchini Uganda, Kiingereza ndiyo lugha ya mitihani, mahakama na barua za serikali. Kwa wasikilizaji wa Bugembe, Jinja na Mbale waliozoea Kiswahili, kutenganisha vitenzi elekezi, sielekezi na vishirikishi huwa na ugumu wake.

Sababu ni kwamba Kiswahili hubadili umbo la kitenzi: mtu hufungua mlango, lakini mlango hufunguka. Kiingereza hutumia "open" kwa yote mawili. Kwa hiyo aina ya kitenzi hujulikana kwa kazi yake katika sentensi, si kwa neno peke yake.

Kitenzi elekezi huhitaji shamirisho, yaani kinachotendwa. Katika "The government reopened schools in January 2022", serikali ilitenda na shule zilitendewa. Sentensi hiyo inaweza kugeuzwa kuwa kauli ya kutendwa: "Schools were reopened".

Kitendo cha kitenzi sielekezi huishia kwa kiima: "The Nile flows north". Neno "north" huonyesha mwelekeo tu. Vivyo hivyo, "Schools reopened in January 2022" haina shamirisho, wala haimtaji aliyezifungua.

Kitenzi kishirikishi huunganisha kiima na sifa au hali yake. Ili kukitambua, weka "is" mahali pake. "The soup tastes good" huwa "The soup is good", na sentensi bado ina maana. Lakini "The cook tastes the soup" ingekuwa "The cook is the soup", mpishi akageuka mchuzi! Hapo kitenzi ni elekezi.

Swali la "nini?" pekee halitoshi. "She became a nurse" hulijibu, lakini yeye na muuguzi ni mtu mmoja, na sentensi haigeuki kuwa ya kutendwa. Aidha, baada ya kishirikishi hutumika kivumishi: "The child looks happy", si "happily".

Tofauti hizi zina uzito nje ya darasa pia. Katika maelezo yaliyoandikwa polisi au kazini, "The window broke" husema dirisha lilivunjika. "He broke the window" humtaja mvunjaji. Kabla ya kutia saini, tafuta kitenzi, kisha uulize: ni nani aliyetenda, na ni nini kilichotendwa?