Taa za Kuonekana Mchana

Injini ikiwaka, taa mbili nyeupe za mbele huwaka zenyewe bila dereva kugusa swichi. Akiwasha taa kubwa, zile mbili huzimika au hufifia. Hazimuliki barabara wala hazijaundwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kumsaidia anayekuja mbele, anayevuka kwa miguu au anayetaka kuingia njia kuu atambue mapema kwamba kuna gari. Gereji nyingi huziita DRL, kifupi cha Kiingereza "daytime running lights". Anayetafsiri neno kwa neno hupata "taa za kukimbia mchana" au "taa za kuendeshea mchana", na mwenye haraka husema "taa za mchana". Ninapendekeza tuziite taa za kuonekana mchana, na sababu yangu si upambaji wa lugha. Kila neno katika jina hilo linamwelekeza fundi anayezifunga kwenye gari la zamani, na pia linamwonya dereva atakayezitumia.

Tuanze na huko kukimbia. Kiingereza kilichukua neno hilo baharini, ambako chombo kilicho safarini usiku hubeba taa nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe, ili vyombo vingine vikijue kipo wapi na kinaelekea upande gani. Nahodha haoni njia kwa taa hizo, anaonwa kwazo. Maana hiyo ilihamia kwenye gari, lakini tukitafsiri umbo la neno tunabaki na mbio tu. Waswidi walifanya vizuri zaidi. Nchi yao iliagiza magari yote yawashe taa mchana, mwaka mzima, kuanzia Oktoba 1977, na Volvo 240 za huko zikawa na globu za wati 21 kando ya taa kubwa kwa ajili hiyo. Wao huziita varselljus, yaani taa za kutoa ilani. Jina hilo halisemi lolote kuhusu mwendo. Linataja kazi ya taa. Huo ndio mfano wa kufuata.

Kwetu jina limechelewa kwa sababu kitu chenyewe kimechelewa. Kanada ilizidai kwenye magari mapya tangu Desemba 1989, na Umoja wa Ulaya kwenye aina mpya za magari madogo tangu Februari 2011. Lakini magari mengi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala yalianza maisha Japani, na hadi Oktoba 2016 kanuni za Japani hazikuziruhusu taa hizi kwa ukali unaotumika Ulaya. Ndiyo maana Toyota IST au Premio ya miaka ya 2000 ilishuka bandarini bila hizo. Taa za mchana kwenye barabara zetu zilikuwa na maana nyingine: msafara wa kiongozi, harusi, gari la wagonjwa, au dereva aliyesahau. Huyo wa mwisho hadi leo hufanyiwa ishara ya vidole vinavyofumbwa na kufumbuliwa, azime. Anayezifunga leo kwenye gari la zamani anaingiza maana mpya mahali penye maana za zamani, na jina linapaswa kumsaidia kuieleza.

Sasa tutazame nyaya. Seti za kawaida za magari ya zamani huja na taa mbili za LED, kisanduku kidogo cha kuziongoza na nyaya tatu. Mwekundu huenda kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi, mweusi kwenye hasi, na wa tatu huungwa kwenye waya wa taa za paki, ili hizo zikiwashwa taa hizi zizimike au zififie. Visanduku vingine hutambua kwamba injini inafanya kazi kwa kupima volti: betri iliyotulia ina takriban volti 12.6, na alternata ikianza kuchaji hupanda hadi karibu 14. Waya wa tatu ni rahisi kuachwa, kwa kuwa taa huwaka vizuri bila huo, na mteja aliyesimama pale gereji saa sita mchana haoni kasoro yoyote. Kasoro huja usiku. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 87 inataka kila taa ya aina hii itoe kandela 400 hadi 1,200 kuelekea mbele. Taa ya paki ina sehemu ndogo tu ya ukali huo. Taa ikibaki na nguvu zake zote gizani inamchoma macho anayekuja. Waya wa tatu ndilo neno "mchana" lenyewe, na fundi aliyeuacha amefunga taa nyingine kabisa. Neno "kuonekana" nalo lina masharti yake: rangi nyeupe, nafasi isiyopungua sentimita 60 kati ya taa na taa, urefu kati ya sentimita 25 na 150 kutoka chini, na alama ya RL kwenye kioo. Utepe wa buluu uliobandikwa chini ya bampa ni pambo, hata kama muuzaji anauita DRL.

Wapo watakaosema "taa za mchana" inatosha na ni fupi. Ufupi una thamani, lakini jina hilo halimwambii dereva kwamba taa hizi hazimpi yeye mwanga, na hilo limeleta madhara kwingine. Kanada iliona magari yanayotembea gizani dereva akidhani taa zake zinawaka, kwa kuwa dashibodi ina mwanga na mbele kuna weupe, kumbe nyuma ni giza tupu. Tangu Septemba 2021 magari mapya huko lazima yawashe taa za nyuma pamoja na hizi, au yawashe taa zote yenyewe giza likiingia, au yaiache dashibodi gizani ili dereva ashtuke. Jina pekee lisingelizuia hilo, nakubali, ila hakuna haja ya kuanza na jina linalolichochea. Pingamizi zito zaidi ni la jua: desturi hii ilizaliwa kaskazini, kwenye mchana hafifu wa majira ya baridi, sisi tuna mwanga wa kutosha. Ni hoja ya kweli, na hata Marekani uchunguzi wa idara ya usalama barabarani uliotolewa 2008 haukuona faida ya jumla iliyo wazi kitakwimu. Lakini jua kali pia huzaa kivuli kizito. Gari la kijivu linalotokea chini ya miembe, au linalokuja ndani ya mvua ya masika, halitofautiani sana na lami. Basi sidai kwamba taa hizi ni kinga kuu. Nadai zikifungwa, zifungwe zikijulikana ni za nini.

Vimebaki vitenzi. Dereva haziwashi taa hizi, zinajiwasha; kwa hiyo "kuwasha" halifai kwa kazi ya fundi anayezifungulia kwenye kompyuta ya gari. Hapo "kuamilisha" linastahili. Kwenye Volkswagen Golf ya kizazi cha tano orodha ya kompyuta hiyo ina machaguo mawili, ya Skandinavia na ya Amerika Kaskazini: la kwanza huwasha taa za mbele pamoja na za nyuma, la pili za mbele tu. Kwa barabara zetu, ambako jioni hugeuka usiku upesi, ningechagua la kwanza. Na "kubadilisha" kuna mawili: globu hubadilishwa peke yake, lakini LED iliyozibwa hubadilishwa na taa yake nzima. Kwenye baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezewa Amerika Kaskazini, taa za fulu hutumika mchana kwa kuungwa mfululizo, kila globu ikipata nusu ya volti. Moja ikiungua, zote mbili huzimika mchana, ilhali usiku ile nzima inawaka kama kawaida. Hapo pima globu kabla ya kununua moduli mpya ya kuziongoza taa hizo.